Simu ya koperative ilikuwa inalala ngambo ya mpaka



Katika jarida hili tumezoea kusoma habari za kuchachusha kakao, kukausha kahawa na kulinda maharagi na wadudu. Mara hii tunawaletea habari ya kitu ambacho hakioti shambani lakini kinakula feza ya shamba: simu. Sisi ni komite ya koperative moja ya kakao kando ya barabara ya Beni–Kasindi, karibu na mpaka wa Uganda. Tunaandika kwa sababu simu ilitaka kutuvunjia koperative, na kwa sababu tulimkosea mtu. Pengine nyinyi pia muko na simu ya namna hiyo katika depo yenu na hamujajua.

UNITE ZA JUMA ZINAISHA KWA SIKU MBILI

Koperative yetu iko na simu moja ya kazi. Inashikwa na karani wetu, mama ambaye amefanya kazi ya depo tangu tulipoanza, na ambaye nyumba yake iko nyuma ya depo. Kila siku ya kwanza ya juma mweka hazina anamtumia unite za juma lote. Simu hiyo iko na kazi tatu. Wakulima wanaita kuuliza kama depo inapokea kakao. Madreva wa lori wanaita kuuliza habari za njia. Na mnunuzi wetu, ambaye ofisi yake iko Kampala, anaita ili tupatane bei.

Hiyo kazi ya tatu ndiyo inabeba koperative. Bei ya kakao haipangwi kwetu. Inapangwa katika masoko ya London na New York, na inapanda na kushuka ndani ya siku moja. Mwaka wa 2024 tuliona tani moja ikipita dola 10 000 ku soko la New York, ikashuka, kisha ikapanda tena mbele ya mwaka kuisha. Kwa hiyo mnunuzi akisema «nangojea jibu mpaka magaribi», ni mpaka magaribi kweli. Kesho yake ni bei ingine.

Basi, kwa muda wa miezi miwili hivi, unite za juma zilianza kuisha siku ya pili ao ya tatu. Mweka hazina aliongeza. Zikaisha. Akaongeza tena. Tukamuuliza mama karani: unaita nani? Jibu lake lilikuwa moja kila mara: «Mimi sipigake simu. Batu njo banapiga kwangu.»

Hatukumuamini. Kila mtu anajua kwamba kupokea simu ni bure. Mtu akipokea tu, unite zinaenda wapi?

Kisha ikafika siku mbaya. Tulikuwa na kakao kavu ndani ya mifuko, imechachushwa vizuri, na mnunuzi alikuwa ametupa bei nzuri. Alisema ataita jioni kwa kupata neno la mwisho. Jioni aliita. Simu haikupatikana. Aliita tena mara tatu, haikupatikana. Asubui yake bei ilikuwa imeshuka na yeye alikuwa amekwisha kuchukua kakao ya watu wengine. Sisi tuliuza kisha juma moja, kwa bei ya chini. Wakulima walipokuja kupokea feza yao, walihesabu, wakatuangalia.

Katika mkutano uliofuata manung'uniko yalitoka wazi. Mzee mmoja alisimama akasema: «Hii feza si ya mutu moja, ni yetu bote. Kama mutu anauzisha unite ya koperative ku cabine, aseme.» Hakutaja jina, lakini macho yote yalienda fasi moja. Na sisi wa komite, badala ya kusema «tungoje, tuchunguze», tulinyamaza. Wengine wetu tulikuwa tumekwisha kuwaza vile. Mama karani aliweka simu juu ya meza, na funguo za depo juu ya simu, akaenda nyumbani.

SAA ILIYOKIMBIA

Kitu kilichotufungua macho hakikutoka kwa komite. Kilitoka kwa kicheko. Siku moja ya Mungu, mbele ya ule mkutano, mama karani alikuwa amefika ku kanisa na kukuta mlango umefungwa. Alikuja saa moja nzima mbele ya watu. Ilimpata mara mbili. Watoto walimcheka: «Mama, saa ya simu yako inakimbia!»

Mtu aliposimulia kichekesho hicho ku soko, kijana mmoja mwenye kutengeneza masimu aliacha kazi yake akauliza: «Inakimbia namna gani? Dakika ngapi?» Wakamujibu: «Saa moja kamili.» Akasema: «Basi ile simu haikimbie. Iko Uganda.»

Alitueleza. Upande wetu wa mashariki mwa Congo na Uganda hatuna saa moja. Uganda iko mbele yetu saa moja, kama Kenya na Tanzania. Simu nyingi zinajipanga saa zenyewe kulingana na rezo ambayo zimeshika. Saa ya simu ikiruka mbele kwa saa moja kamili, ni kusema simu imeacha antene ya Congo na kushika antene ya ngambo.

Tulimuomba aje ku depo. Depo yetu iko nyuma ya kilima, inaangalia bonde la Lubiriha. Antene ya kampuni yetu iko upande wa pili wa kilima, na kuna nyakati inazimika. Ikizimika, simu haikai bila kazi: inatafuta. Na antene ya Uganda inafika vizuri mpaka mlangoni mwa depo.

Tulingoja mpaka antene yetu ikazimika jioni. Kweli, jina la rezo ku ekra lilibadilika, na saa ikaruka. Ikaingia mesaji ya kumkaribisha mtu Uganda. Mama karani aliitambua: «Hizo mesaji zinakujaka kila mara. Mimi nafutaka, nafikiri ni matangazo.» Kijana aliweka unite kidogo, akaandika hesabu ku karatasi. Kisha mwenyekiti wetu, ambaye karte SIM yake ni ya kampuni ingine, alisimama hatua kumi kutoka pale akaita simu ya koperative. Walizungumza dakika mbili, huku wanaangaliana. Tulipotazama unite zilizobaki ku simu ya mama, zilikuwa zimepungua. Hakuwa amepiga. Alipokea tu.

Tuliita tena mpaka unite zikaisha kabisa. Kisha mwenyekiti akaita mara ingine. Simu ya mama haikulia. Haikupatikana. Hivyo ndivyo bei nzuri ya kakao yetu ilivyopotea.

KUNA NAMNA TATU SIMU INAVUKA MPAKA

Tangu siku hiyo tulijifunza kutofautisha mambo matatu ambayo watu wengi wanachanganya. Tafazali muyasome polepole, kwa sababu hesabu yote inatokea hapo.

Ya kwanza: uko Congo, rezo yako ni ya Congo, unaita namba ya inchi ingine. Hiyo ni simu ya inje. Wewe unayeita ndiye unalipa, kwa bei ya juu kuliko simu ya ndani. Yule anayepokea akiwa kwao halipi kitu. Mnunuzi wetu wa Kampala akituita sisi tukiwa ku rezo ya Congo, yeye ndiye analipa.

Ya pili: karte yako ni ya Congo, lakini simu imeshika rezo ya inchi ingine. Hiyo ndiyo inaitwa romingi. Ku simu za Kifaransa mutaona neno «itinérance». Ni sawa na kulala kwa jirani: unapata kitanda, lakini asubui kampuni yako inapaswa kumlipa jirani, na inachukua kwako. Kuita kunalipisha. Mara nyingi kupokea pia kunalipisha. Sababu yake ni rahisi. Mkulima wa Mutwanga anaita namba ya Congo, analipa bei ya ndani. Yeye hajui kwamba simu uliyoshika imelala Uganda. Ile njia ya kutoka Congo kufika Uganda nani atailipa? Ni wewe unayepokea. Kwa hiyo wakulima kumi wakikuita kwa siku moja, wao wanalipa kidogo, na wewe unalipa mara kumi.

Ya tatu: umenunua karte ya inchi ile na kuitumia ukiwa kule. Hapo wewe ni kama mwenyeji. Unalipa bei ya ndani ya inchi ile, na kupokea ni bure. Lakini mkulima wa kwenu akikuita ku namba hiyo, yeye sasa ndiye anapiga simu ya inje, hata kama mko umbali wa kilometa mbili.

Kumbe swali la kwanza si «kampuni gani iko na bei nzuri?» Swali la kwanza ni: simu iko wapi, na nani anamuita nani?

HESABU YA DAKIKA NA HESABU YA SEKUNDE

Kisha kujua hayo, tulikaa na kalamu tukalinganisha bei za makampuni. Bei zinabadilika kila mara, kwa hiyo hatutaandika bei ya kampuni yoyote hapa. Tutatumia hesabu za mfano tu, ili muone namna ya kupima. Bei za kweli mutauliza kwa wakala wa kampuni yenu siku ya kununua.

Tuseme kampuni A inalipisha simu ya Uganda franga 300 kwa dakika, na inahesabu dakika nzima-nzima. Kampuni B inalipisha franga 6 kwa sekunde, maana yake franga 360 kwa dakika. Ku tangazo, A inaonekana ni ya bei chini.

Sasa muangalie. Unaita mnunuzi, unazungumza dakika moja na sekunde kumi. Kwa A hizo ni dakika mbili: franga 600. Kwa B ni sekunde 70: franga 420.

Unaita mara kumi, kila mara sekunde 20, kwa kuuliza tu «lori imefika?» Kwa A ni dakika kumi: franga 3 000. Kwa B ni sekunde 200: franga 1 200.

Lakini ukiita mara moja na kuzungumza dakika kumi kamili juu ya mapatano, A ni franga 3 000, na B ni franga 3 600. Hapo A inashinda.

Tulifungua daftari letu tukaona kwamba simu zetu nyingi za ngambo ni fupi sana: «nimetuma», «amepita douane», «mifuko ni mingapi?». Kwa koperative ya namna yetu, hesabu ya sekunde ni afazali hata kama bei iliyoandikwa ku ukuta ni kubwa. Koperative ingine yenye kuzungumza muda mrefu itapata jibu lingine. Ndiyo sababu hatuwezi kuwaambia «nunueni kwa fulani». Tunaweza kuwaambia tu: pimeni simu zenu kwanza, mbele ya kupima bei.

FORFE NI KAMA MFUKO ULIOTOBOKA

Makampuni yanauzisha maforfe ya simu za inje: dakika fulani kwa siku fulani. Ni mazuri, lakini mfuko mzuri wenye tundu haufikishi kakao. Tundu la forfe ni siku.

Mfano: forfe ya dola 5 inakupa dakika 30 kwa siku 7. Ukigawanya, dakika moja ni karibu senti 17. Bila forfe, tuseme dakika moja ni senti 30. Kila mtu atachukua forfe. Lakini juma hilo ulitumia dakika 12 tu, na siku ya nane zilizobaki zikapotea. Basi dola 5 umelipa kwa dakika 12: kila dakika ni karibu senti 42. Bila forfe ungelipa dola 3 na senti 60.

Ili forfe hiyo ikufae, unapaswa kutumia angalau dakika 17 ndani ya siku hizo 7. Chini ya hapo, achana nayo. Wakati wa mavuno makubwa sisi tunapita dakika 17 bila shida, kwa hiyo tunanunua. Miezi ya kakao kidogo, hatununui. Forfe inafuata mavuno, haifuati tangazo.

Mbele ya kununua tunauliza wakala maswali haya, na tunangoja jibu mbele ya kutoa feza:

– Forfe hii inafika inchi gani? Uganda ni +256, Rwanda +250, Burundi +257, Tanzania +255, Kenya +254, Zambia +260. «Afrika» ku tangazo hakusemi inchi zote za Afrika.
– Inaita makampuni yote ya inchi ile, ao moja tu?
– Inatumika nikiwa Congo tu, ao hata simu ikiwa romingi? Hizo ni forfe mbili tofauti.
– Inaisha siku gani, saa ngapi?
– Dakika zikiisha katikati ya mazungumzo, simu inakatika, ao inaendelea kwa bei kubwa?

Ile swali ya mwisho, hatukujua kuiuliza. Sasa tunaiuliza kwanza.

JINA MOJA PANDE ZOTE, BEI SI MOJA

Watu wengi wanasema: «Airtel iko Congo, iko Uganda, Rwanda, Tanzania na Zambia. Basi nikivuka ni kama niko nyumbani.» Vilevile Vodacom iko kwetu na iko Tanzania. MTN iko Uganda, Rwanda na Zambia, lakini kwetu haiko. Kuwa na jina moja ku mabango pande zote mbili hakuleti bei moja. Kila inchi iko na kampuni yake, leseni yake, na kodi zake. Pengine kuna bei ya urafiki kati yao, pengine hakuna. Unauliza.

Wakubwa wetu wanakumbuka Celtel, ambayo kisha ilibadilika ikawa Zain na halafu Airtel. Mwaka wa 2006 ilianzisha Kenya, Uganda na Tanzania mpango wa rezo moja: msafiri alipokea simu bure na kuita kwa bei ya wenyeji. Mwaka wa 2007 mpango ule ulipanuliwa mpaka kwetu Congo. Tunataja habari hiyo si kwa kusifu mtu, lakini kuonyesha kwamba bei ya mpaka haitoki mbinguni kama mvua. Watu wanaipanga, na watu wanaweza kuipunguza.

Serikali pia zinaweza. Katika miaka ya 2014 na 2015, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, katika Jumuia ya Afrika Mashariki, kuondoa malipo ya kupokea simu kwa msafiri wa inchi hizo na kuweka kipimo cha bei. Inchi yetu iliingia katika Jumuia hiyo mwaka wa 2022. Lakini kuingia katika Jumuia ni jambo moja, na bei ya karte yako ni jambo lingine. Musidanganyike na mtu anayewaambia «sasa sisi ni memba, romingi ni bure». Jaribuni na unite kidogo, kama sisi tulivyofanya ku depo, muone wenyewe. Na kama kampuni inakata unite bila kueleza, mamlaka yenye kusimamia mambo ya simu katika inchi yetu ni ARPTC. Koperative yenye barua, muhuri na daftari la tarehe inasikiwa kuliko mtu mmoja mwenye hasira.

WHATSAPP NI MSAADA, LAKINI NAYO INAKULA

Vijana wetu waliuliza: «Juu ya nini musitumie WhatsApp?» Wako na haki. Kuzungumza kwa sauti kwa WhatsApp kwa kawaida hakumalizi mega moja kwa dakika. Video inakula mara nyingi zaidi. Mnunuzi akiwa Kampala ao Bruxelles, kwa intaneti bei ni ileile, kwa sababu unalipa mega, haulipi umbali.

Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, hapa kwetu rezo ya intaneti haiko na nguvu kila saa, na jambo la bei halingoji. Kwa hiyo WhatsApp haiondoi unite, inapunguza tu. Pili, ikiwa simu imeshika rezo ya ngambo, mega za romingi ni kitu cha kuogopa: picha na video za makundi zinajishusha zenyewe, na unite zinaisha wakati simu iko ndani ya mfuko. Tatu, kwa mambo ya bei, sisi sasa tunaomba mnunuzi aandike: kilo, bei, siku. Sauti inasahauliwa. Maandishi yanabaki.

MAMBO TULIYOPANGA

Haya ndiyo tunafanya sasa katika koperative yetu.

1. Simu ya kazi haijichagulii rezo. Ku «Paramètres», sehemu ya «Réseau», tuliondoa «automatique», tukachagua kwa mkono rezo yetu ya Congo. Antene yetu ikizimika, simu inakaa bila rezo, lakini haiendi kulala kwa jirani. Ku simu yenye intaneti, tulizima pia «itinérance des données».

2. Saa ya simu ni mlinzi wetu. Ikiruka mbele saa moja, tunajua. Wenzetu wa Goma, Bukavu na Uvira, ninyi saa haitawaambia kitu, kwa kuwa Rwanda na Burundi wako na saa moja nanyi. Wa Kasumbalesa vilevile na Zambia. Ninyi muangalie jina la rezo ku ekra.

3. Tuliongeza karte ya pili ya kampuni ingine ya Congo, yenye antene inayoonekana ku depo. Mnunuzi iko na namba zote mbili. Moja ikikosa, anaita ingine.

4. Anayevuka kwenda Mpondwe ao Kasese kwa kazi ya koperative kwa siku nyingi anatumia karte ya Uganda, iliyoandikwa kwa jina lake mwenyewe na kitambulisho chake. Hatununui karte iliyoandikwa kwa jina la mtu tusiyemjua. Siku feza ikipita ku karte hiyo, mwenye jina ndiye mwenye feza.

5. Namba zote zimeandikwa na alama ya + na namba ya inchi, bila ile sifuri ya mbele. Namba ya Congo iliyoandikwa +243 inaitika ukiwa upande wowote wa mpaka.

6. Simu ya inje tusiyoijua ikilia mara moja na kukatika, haturudishi. Kuna wezi wanaobipe kwa makusudi ili uwaite kwa bei kubwa. Mwenye kazi ya kweli ataita tena ao ataandika.

7. Kila juma mweka hazina na karani wanaandika pamoja: unite zilizoingia, zilizobaki, simu za inje, dakika. Mistari minne tu. Daftari hilo linasomwa mbele ya wanamemba kama daftari la kilo.

Hii ya saba ndiyo kubwa. Kama tungekuwa nayo tangu mwanzo, tungeona juma la kwanza kwamba unite zinaisha siku ambazo hakuna simu iliyopigwa. Tungeuliza simu, hatungeuliza mtu.

MBELE YA WANAMEMBA WOTE

Kisha lile jaribio la jioni, tuliitisha mkutano. Tulikuwa tumemshuku mama karani mbele ya watu, kwa hiyo haikufaa kumuomba musamaha nyuma ya depo. Mwenyekiti alionyesha wanamemba simu, akaeleza habari ya antene na saa. Alifanya lile jaribio tena mbele yao, na unite zikapungua mbele ya macho yao. Kisha akasema kwamba komite ilikosa, kwa sababu ilinyamaza.

Yule mzee aliyesema neno la unite alisimama tena. Alivua kofia. «Mama, utusamehe. Tulizani ni mukono, kumbe ni mulima.»

Mama karani hakujibu mara moja. Alitazama zile funguo juu ya meza. Kisha akauliza: «Na ile daftari ya unite, nani ataiandika?» Mweka hazina akajibu: «Mimi na wewe.» Akasema: «Kila juma?» Akajibiwa: «Kila juma.» Ndipo akachukua funguo.

Ndugu wakulima, ile kakao tuliyouza kwa bei ya chini hairudi. Lakini katika mkutano wenu unaokuja, leteni simu ya koperative juu ya meza pamoja na daftari. Muulize maswali matatu: simu hii inalala rezo gani usiku? Dakika zetu za inje ni ngapi kwa juma? Na unite zikiisha, nani anajua zilienda wapi? Kama mtu yeyote hawezi kujibu, musianze kwa kutafuta mwizi. Anzeni kwa kutazama saa ya simu.